Fuvu Lenye Pembe Kutoka Kinawataka: Ni la Mnyama Gani?

Uganda haina kulungu. Jamii yao, wale wenye pembe za matawi tunaowaona kwenye kadi za Krismasi, haikuenea kusini mwa Sahara. Aliye wa asili Afrika ni mmoja tu, kulungu wa Barbari, anayeishi katika misitu ya Algeria na Tunisia. Kwa hiyo mtu anayechimba mtaro kwenye bonde la Kinawataka, hapa Nakawa, akiibua fuvu lenye pembe, asisumbuke kuuliza ni kulungu yupi. Ajiulize kama ni mfugo au ni mnyamapori wa jamii ya swala.

Tofauti iko kwenye pembe zenyewe. Pembe ya kulungu ni mfupa mtupu. Huota upya kila mwaka ikiwa imefunikwa na ngozi yenye manyoya laini. Ikikomaa ngozi hubambuka, na baadaye pembe nzima hudondoka. Kwa kulungu wakubwa huweza kurefuka zaidi ya sentimita moja kwa siku. Pembe ya swala, mbuzi au ng'ombe ina sehemu mbili: kiini cha mfupa kilichoota kwenye paji, na gamba gumu linalokifunika kama ala inavyofunika kisu. Gamba hilo ni keratini, ileile ya kucha na nywele zetu. Halina matawi, na mnyama hukaa nalo maisha yake yote.

Mnyama akishakufa, gamba hulegea na kuchomoka. Ndiyo maana fuvu lililolala matopeni mara nyingi hubaki na viini tu, vifupi na vyenye vitundu vitundu, na mtu akadhani ameona mnyama mwenye pembe ndogo. Likikaa juu ya ardhi kavu, huenda ukakuta vineli vya rangi ya kahawia vimechomoza kwenye gamba, kila kimoja cha sentimita chache. Hiyo ni kazi ya viwavi wa nondo mla pembe, mdudu wa Afrika aliye miongoni mwa wanyama wachache sana wawezao kumeng'enya keratini. Kwangu mimi hakuna mdudu wa kustaajabisha kuliko huyo.

Sasa geuza fuvu utazame taya la juu. Kama mbele hakuna meno kabisa, huyo ni mcheuaji. Kisha angalia pembe zinapoanzia. Za ng'ombe hutoka pembeni, kwenye kona za nyuma za fuvu. Za mbuzi huota juu ya macho, zimebanwa ubavuni na kupinda kuelekea nyuma, na kwa kweli mafuvu mengi yanayookotwa mjini ni ya hao wawili. Kongoni, anayeishi mbali na hapa, ana fuvu refu jembamba na pembe zilizokaa juu ya kigutu cha mfupa. Kobu unamjua tayari: ndiye aliyesimama kwenye nembo ya taifa pamoja na korongo mwenye taji, na pembe zake zina pete nyingi isipokuwa nchani. Usizihesabu pete hizo ukitafuta umri. Umri husomwa kwenye meno, kwa jinsi magego yalivyosagika.

Kwa bonde kama la Kinawataka, ambalo maji yake huishia Ziwa Viktoria, kuna wawili wanaostahili kufikiriwa kwa makini: pongo na nzohe, ambao Waganda huwaita engabi na enjobe. Ni ndugu wa karibu, na majike wao wote hawana pembe. Pembe za dume la pongo ni fupi, karibu zimenyooka, na hujisokota takriban mara moja. Ni nadra kuzidi sentimita 55. Za nzohe hujisokota mara moja na nusu au zaidi, zimetanuka, huweza kufika sentimita 90, na ncha zake huwa nyeupe au za manjano. Pongo ni wa vichaka. Nzohe ni wa mafunjo, na kwato zake ndefu zinazotanuka humwezesha kutembea juu ya matope bila kuzama. Bonde hili limemezwa na nyumba na viwanda. Fuvu la nzohe likithibitishwa hapa litatuambia jambo kuhusu bonde lenyewe, lakini pale tu ambapo mahali lilipotoka panajulikana. Fuvu lisilo na mahali ni pambo tu.

Pembe zikikosekana au kuvunjika, wataalamu hulinganisha mifupa na mikusanyo ya makumbusho, au husaga kipande kidogo na kusoma vinasaba vyake.

Kwa hiyo usilibebe nyumbani wala usilitundike ukutani. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inakataza kumiliki kiungo cha mnyamapori bila kibali, hata kama ulikiokota. Weka rula kando ya fuvu, lipige picha kwa mbele, ubavuni na kwenye meno, andika mahali na tarehe, kisha uwaarifu Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Ofisi zao ziko Barabara ya Kira, Kamwokya, na kutoka Nakawa si mbali.