Simu mpya haikupendezi: uibakize ao uirudishe?

Simu ya dola 40 ni mikutano mingi ya likirimba. Kama haikupendezi, usitupe katoni wala risiti. Piga *#06#: tarakimu 15 zitakazotokea zifanane na zile za kwenye katoni. Zisipofanana, huenda si mpya. Irudishe leo leo.

Rangi na picha mbaya zinavumilika. Batri isiyofika jioni, hapana, maana wengi wetu tunachaji kwa kulipa, kwenye sola ya jirani. (Koltani ya Rubaya inaingia ndani ya simu, ila bei haitupunguzii!)

Na sauti ikikatika-katika? Tia kadi yako katika simu ya jirani, palepale uliposimama. Ikikatika huko pia, ubaya ni wa rezo. Hata ukibadilisha simu, itakatika vilevile.