Kutoka Ekero hadi Koitobos: Gari liwe nyumba, si ndege

Umeziona zile video za watu wanaozunguka dunia na gari lenye kitanda na jiko, kisha ukasema, "Hayo ni mambo ya wenye pesa." Tulia kwanza. Ukiwa Ekero, hapa karibu na Mumias, huhitaji gari la aina hiyo. Mbogi ya watu wanne, van ambayo viti vya nyuma vinakunjika, magodoro mawili, hema na jiko la gesi vitakufikisha Mlima Elgon na kukurudisha nyumbani.

Ila kuna mtego. Ekero iko mita kama 1,300 juu ya usawa wa bahari. Koitobos, kilele ambacho wengi hukiendea upande wa Kenya, kina mita 4,222. Gari linaweza kukupandisha sehemu kubwa ya tofauti hiyo kwa siku moja. Mwili wako hauwezi. Wengi huumwa na kichwa na kutapika huko juu si kwa sababu ni wanyonge, bali kwa sababu walipanda haraka. Kwa hivyo tumia gari kulala njiani, si kukimbia.

Usiku wa kwanza: Buyangu. Pitia Kakamega mjini, shika barabara ya Webuye, kisha kata kulia uingie Msitu wa Kakamega. Huu ndio msitu pekee wa Kenya uliobaki wa aina ya ile misitu mikubwa ya Kongo. Piga kambi, amka alfajiri upande Kilima cha Buyangu. Ni kilima kidogo, lakini kitakuonyesha nani kwenye mbogi amevaa viatu vibaya.

Mchana wa pili: Webuye na Kitale. Simama Nabuyole uone Mto Nzoia ukiporomoka kwenye miamba. Kitale, ingia sokoni ununue viazi, vitunguu na maparachichi. Jaza mafuta na maji hapo hapo.

Usiku wa pili na wa tatu: Chorlim. Baada ya Endebess utafika lango la Chorlim. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, kwa hivyo maliza hayo mapema mtandao ukiwa mzuri. Lala hapo usiku mbili. Siku ya katikati tembea tu, mwili uzoee. Nenda ukaone pango la Kitum, ambamo ndovu huingia usiku kukwangua chumvi ukutani kwa pembe zao. Lakini litazame ukiwa nje. Mwaka 1980 na 1987, watu wawili waliokuwa wamelizuru walifariki kwa ugonjwa wa Marburg, na popo wa mapangoni wanajulikana kubeba virusi hivyo. Picha ya ndani haina thamani hiyo.

Siku ya nne: kileleni. Ondokeni gizani pamoja na askari wa KWS, maana kuna nyati na ndovu. Barabara ya ndani hupanda zaidi ya mita 3,000, na mvua ikinyesha, gari lisilo na 4x4 litakwama. Kama lenu ni la kawaida, pangeni usafiri na watu wa hifadhi. Kuanzia hapo ni miguu. Kunywa maji, tembea mwendo ambao unaweza kupiga gumzo. Mwenzenu akianza kuyumba, kutapika au kuongea ovyo, msimwambie "jikaze". Mshusheni mara moja, hata kama kilele kinaonekana pale. Wala msimwache ashuke peke yake.

Desemba hadi Machi ndio wakati mzuri, kwa sababu mvua ni chache. Hata hivyo beba sweta nzito, koti la mvua, kofia na glavu. Baridi ya huko juu usiku haijali kwamba ulitoka Mumias ukitokwa jasho.

Mkishuka, laleni tena Chorlim. Kuna anayetaka kurudi usiku huo huo awahi kazi Jumatatu? Mkatalieni. Dereva amechoka, na huku kwetu trekta za miwa hutembea gizani, nyingine bila taa za nyuma. Umeshuka mlima salama, usije ukaumia kilomita chache kabla ya Ekero.

Haya basi, ombeni likizo ya siku tano, sio wikendi.