Kwa nini Ngungu haimo katika vitabu vya mambo ya kale

Watoto wetu waliozaliwa Ulaya na Kanada wakifundishwa shuleni habari za binadamu wa kale, husikia Olduvai ya Tanzania na Turkana ya Kenya, kisha wanarudi nyumbani na swali: na kwetu Masisi je? Watu walianza lini kuishi kijijini kwetu Ngungu? Wazazi wengi hujibu kwamba kule hakujapatikana kitu, na mtoto anaelewa kwamba hakukuwa na watu. Jibu hilo linaniuma. Ardhi isiyochimbwa haitoi ushahidi wa kuwepo kwa watu, wala wa kutokuwepo kwao.

Tuanze na mkoa wetu wenyewe, Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Kule Ishango, mahali mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950 akapata mfupa wa urefu wa sentimeta 10 hivi, umepachikwa kipande cha jiwe jeupe kwenye ncha, na umechanjwa alama 168 kwa mistari mitatu. Mstari mmoja una mafungu ya 11, 13, 17 na 19. Wako wanaoona humo hesabu, na Alexander Marshack aliona kalenda ya mwezi. Ubishi huo haujaisha, lakini umri wa mfupa unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Mfupa huo uko Brussels, katika jumba la makumbusho la sayansi asilia. Wakongo wa Ubelgiji wanaweza kwenda kuuona kwa treni; mtoto wa Beni hawezi.

Ukishuka kidogo na mto Semliki unafika Katanda. Huko timu ya Alison Brooks na John Yellen ilipata ncha za mfupa zilizochongwa meno, za kuvulia samaki, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Mwaka 1995 walitangaza kwamba zina miaka 90,000 hivi. Wapo wataalamu waliotilia shaka umri huo. Ukithibitika, wavuvi wa Semliki walikuwa na chombo hicho makumi ya maelfu ya miaka kabla hakijaonekana Ulaya.

Basi kwa nini Semliki na si Ngungu? Sababu ya kwanza ni udongo. Kando ya ziwa, mchanga na tope hujipanga tabaka juu ya tabaka na kufunika mifupa haraka, kisha mto unapokata kingo zake tabaka hizo zinaonekana kwa macho. Vilima vya Masisi ni vya mvua nyingi. Udongo wa msitu wenye mvua una asidi, nao hula mfupa mpaka uishe. Miteremko inaporomoka, na palipokuwa na msitu sasa pana migomba, mashamba ya maharagwe na malisho ya ng'ombe. Kinachoweza kudumu mahali kama hapo ni jiwe lililochongwa, kigae cha chungu, mkaa, na mavi ya chuma ya wahunzi. Vitu hivyo havimvutii mpita njia, na mkulima akikutana navyo huvitupa pembeni mwa shamba.

Sababu ya pili ni njia. Ishango imo ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert, ambayo leo ni Virunga. Wazungu walikuwa na kambi na barabara huko. Ramani ya wachimbaji ilifuata mahali walipoweza kulala salama.

Kwa wanyama mambo ni yale yale, na hapa misitu ya Walikale, jirani na Masisi, inatufundisha mengi. Gorila wa Grauer, ambaye haishi popote duniani isipokuwa mashariki mwa Kongo, hahesabiwi kwa kuonekana. Kila jioni anajitengenezea kiota kipya cha majani. Wahesabuji hutembea msituni wakifuata njia zilizopangwa, wanahesabu viota, wanapima ukubwa wa kinyesi ili kujua mkubwa na mtoto, wanatazama nywele zilizobaki. Katikati ya miaka ya 1990 gorila hao walikadiriwa kuwa karibu 17,000. Mwaka 2016 watafiti walitoa idadi ya 3,800: vita, bunduki na nyama ya porini ya kulisha machimbo ya koltani na dhahabu vilikuwa vimefanya kazi yake. Mwaka 2021 ikatolewa idadi nyingine, 6,800. Gorila hawazaliani kwa kasi hiyo. Misitu zaidi ilikuwa imefikiwa kwa miguu, na njia ya kukokotoa ikaboreshwa.

Miguu hiyo ni ya nani? Ni ya walinzi wa hifadhi na wanakijiji wanaojua kusoma unyayo. Ilikuwa hivyo tangu zamani. Mwaka 1913, kule Ituri, Mmarekani James Chapin aliona unyoya wa ajabu kwenye kofia ya mwenyeji akauhifadhi. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren, akakuta ndege wawili waliokaushwa wenye manyoya ya namna ile, wameandikwa kuwa tausi wa India. Dunia ikatangaziwa tausi wa Kongo. Chapin ana jina vitabuni, mwenye kofia hana, ingawa ndiye aliyemjua ndege yule kwanza.

Na wengine walilipwa kwa kufukuzwa. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975 hadi misitu ya Walikale. Watwa waliokuwa wakiishi humo, mabingwa wa kufuata nyayo za gorila, walitolewa bila ardhi nyingine. Uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu uliotangazwa mwaka 2024 ulisema serikali ya Kongo ilivunja haki za Watwa hao. Ulichelewa, lakini ni wa haki.

Sasa hivi utafiti umerudi nyuma tena. Goma, mji ambao watafiti wengi walipitia kwenda Masisi na Walikale, uliingia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025 na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Wachimbaji wa mambo ya kale hawatafika Ngungu karibuni.

Lakini ipo kazi isiyongoja amani, nasi wa ughaibuni tunaweza kuifanya kwa simu. Muulize mzee wako: wahunzi walifulia chuma kilima gani? Vigae vya vyungu hutokea shamba la nani wakati wa kulima? Nani kijijini alifanya kazi na watafiti au walinzi wa hifadhi, na mwaka gani? Rekodi sauti yake, andika jina la kilima kama anavyolitamka, weka nakala mbili. Siku mchimbaji atakapofika Ngungu, hayo ndiyo atakayoyahitaji kwanza, na wazee wanaoyajua wanazidi kupungua.