Kabla ununue prosesa ya kupandishwa kasi Kibera na Kawangware

Kijana wa Kibera anayehariri video za harusi, au yule wa Kawangware anayetaka kufungua kibanda cha gemu, siku hizi haambiwi anunue kompyuta tu. Anaambiwa atafute ile inayopandishwa kasi. Wenyewe huita ovakloki: unailazimisha prosesa ikimbie kuliko ilivyopangiwa kiwandani, eti upate nguvu za bure.

Zamani zilikuwa za bure kweli. Mwaka wa 1998 Intel ilitoa Celeron 300A ya megahatsi 300, na wajanja wakaifikisha 450. Prosesa za sasa hujipandisha zenyewe kazi ikizidi, mpaka karibu na mwisho wa uwezo wake. Unachoachiwa wewe ni makombo.

Na makombo hayo yanalipiwa stima. Umeme unaotumiwa na prosesa hupanda pamoja na kasi, ila volti ndizo zinazouma zaidi. Chukua prosesa ya gigahatsi 4.0 kwa volti 1.2. Ipandishe hadi 4.4 kwa volti 1.35. Kasi imeongezeka asilimia 10. Umeme, ukipiga hesabu, karibu asilimia 39. Kwa mtu anayenunua tokeni za mia mia, hiyo si pesa ya kutupa. Halafu umeme huo wote hugeuka joto, ndani ya chumba cha mabati, saa nane mchana. Prosesa ikichemka sana hujipunguzia kasi, kwa hivyo unaweza kulipa zaidi na usipate kitu.

Tuje kwa bei. Kwa Intel, prosesa ya kupandishwa ina herufi K kwenye jina. Core i5-12600K ilitoka 2021 kwa dola 289 hivi, bila feni ndani ya boksi, na inataka bodi ya daraja la Z, ambayo huwa ghali. Ryzen 5 5600 ya AMD ilitoka 2022 kwa dola 199, ikija na feni yake, na bodi ya B450 au B550 inatosha. Usiuziwe A320 au A520 ukiambiwa ni sawa; hizo hazikubali kupandisha. Ni kweli 12600K ina nguvu zaidi kwa video, maana ina viini 10 dhidi ya 6. Lakini ukishajumlisha bodi, feni na pawasaplai, mimi ningechukua Ryzen, na wala nisingehangaika kuipandisha. Chenji ningenunulia RAM ya pili na SSD. Kumbuka tu kwamba 5600 haitoi picha bila kadi ya picha. Kama huna kadi, tafuta 5600G.

Wengi wetu lakini hatufiki huko. Tunanunua zile mashine za ofisi kutoka ng'ambo, kama Dell OptiPlex 7010 yenye i5-3470. Muuzaji akikuambia hiyo "inapandishwa," cheka tu uendelee na safari. Prosesa hiyo haina K, na bodi yenyewe haina mahali pa kufanyia mambo hayo. Si mbaya kwa saiba au kazi za shule, bora ulipe bei ya mashine ya ofisi.

Mwenye Ryzen tayari anaweza kujaribu kinyume: apunguze volti kidogo kidogo huku kasi ikibaki palepale. Joto hushuka, feni hutulia. Ukiona mashine inajizima, rudisha nyuma hatua moja.

Na dukani, usilipe mashine ikiwa imezimwa. Iwashwe, uingie kwenye BIOS usome jina la prosesa, herufi kwa herufi. Kisha fungua video nzito, uiache dakika kumi, uangalie nyuzi za joto zinavyopanda. Zikikaribia 100 kabla hata hujafika nyumbani, mrudishie mwenyewe.