Alama za Sakafuni: Ipi ni Uchafu, Ipi ni Hatari?

Mpunga ukishavunwa hapa Kakese, sakafu zetu hupata taabu. Magunia yanaburutwa. Baiskeli inaingizwa ndani. Watu wanapita na katambuga. Kazi ikiisha, sakafu imejaa alama. Tufanye nini?

Ndugu wasomaji, kwanza tutazame sakafu yenyewe.

SAKAFU YA SARUJI

Alama nyeusi ni mpira uliobaki juu ya saruji. Tia mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, sugua mpaka alama itoke. Halafu osha kwa maji ya sabuni, maana mafuta yanatelezesha. Fanya kazi hii mbali na moto, na mlango uwe wazi. Usisugue kwa mchanga. Mchanga unakwangua niru, na sakafu iliyokwanguka hushika uchafu upesi.

Alama hizo ni uchafu tu. Haziumizi mtu.

SAKAFU YA UDONGO

Hapa mambo ni mengine. Mguu wa kitanda ukikwangua udongo, panabaki kishimo. Tukikiacha, kinakuwa ufa. Na ndani ya ufa hukaa papasi.

Papasi ni aina ya kupe. Mchana anajificha. Usiku anatoka, ananyonya damu ya waliolala, kisha anarudi ufani. Anaweza kukaa miaka bila kula. Kwa hiyo hata nyumba iliyohamwa zamani inaweza kuwa na papasi.

Mdudu huyu huleta homa ya papasi. Homa inapanda, inaondoka, na baada ya siku kadhaa inarudi tena. Wengi hudhani ni malaria. Mama mjamzito anaweza kuharibikiwa mimba. Ukiona homa ya namna hiyo, nenda zahanati upimwe damu. Mweleze mganga kwamba homa inaondoka na kurudi, na kwamba unalala kwenye nyumba ya udongo. Dawa ipo, na watu wanapona.

TUZIBE NYUFA HIVI

1. Toa vitu vyote nje. Fagia mpaka kwenye pembe na chini ya kitanda.
2. Panua ufa kidogo kwa ncha ya panga, ili udongo mpya ushike. Nyunyiza maji.
3. Jaza udongo wa kichuguu uliokandwa vizuri. Shindilia.
4. Ukianza kukauka, lainisha kwa jiwe, kisha siliba sakafu nzima.
5. Ziba na nyufa za ukutani, hasa chini karibu na sakafu.

Kitanda kikae mbali na ukuta. Chandarua kichomekwe chini ya godoro au mkeka.

Kusiliba kumeachiwa akina mama siku zote. Lakini papasi hachagui wa kumnyonya. Akina baba nao wachimbe udongo na kuteka maji.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini alama ya sakafu ya udongo isiachwe?
2. Tutaitambuaje homa ya papasi?
3. Nyumbani kwako, ufa uko wapi? Utauziba lini?