Mirija ya Kaboni: Faida Tunaijua, Vumbi Atalivuta Nani?



Kila mkazi wa Niboye anaijua njia panda ya Sonatubes, yenye jina la kiwanda cha mabomba. Leo tunataka kuzungumza juu ya bomba la namna nyingine: mrija wa kaboni ulio mwembamba mno, hata unywele mmoja wa kichwa ni mnene kuushinda mara maelfu. Kwa macho hauonekani, lakini umekwisha kuingia kazini. Betri nyingi za lithiamu za siku hizi hutiwa mirija hiyo kidogo ili umeme upite vizuri ndani yake. Nasi tunajua kwamba tangu Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria zinazosajiliwa Kigali ni za umeme. Basi jambo hili si la wataalamu wa ng'ambo peke yao.

NAMNA INAVYOTENGENEZWA

Mirija hii ilipata sifa duniani mwaka 1991, mtaalamu wa Kijapani Sumio Iijima alipoieleza wazi. Viwandani, gesi yenye kaboni, kama vile methani, hupitishwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 600 hadi 1,000. Ndani yake huwekwa chembe za chuma, kobalti au nikeli. Gesi huvunjika, na kaboni huota juu ya chembe hizo kama nyasi. Kinachotoka ni unga mweusi, mwepesi sana. Methani ndiyo gesi ile ile iliyomo chini ya Ziwa Kivu, ambayo kituo cha KivuWatt huko Karongi huichoma kuzalisha umeme.

Kwa uzito ule ule, mirija hii ina nguvu kuipita feleji mara nyingi, tena hupitisha umeme. Ndiyo maana huchanganywa katika plastiki, rangi, vifaa vya michezo na betri.

TUSISAHAU ASBESTO

Asbesto nayo ilipokuja ilisifiwa: imara, haiungui, bei nafuu. Maradhi yake hujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Mwaka 2009 Serikali ya Rwanda iliamua paa za asbesto ziondolewe, na gharama yake tumeiona.

Mwaka 2008 watafiti wa Uingereza walijaribu mirija ya kaboni kwa panya. Ile mirefu na migumu ilidhuru utando wa mwili kama asbesto inavyodhuru. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa liliitia aina moja ya mirija hiyo katika orodha ya vitu vinavyoweza kuleta kansa. Kwa aina nyingine ushahidi haukutosha, lakini kutotosha ushahidi si cheti cha usalama. Huko Marekani, taasisi ya afya kazini ilishauri mwaka 2013 kwamba hewa ya kazini isizidi mikrogramu 1 kwa kila mita ya ujazo.

NANI YUMO HATARINI?

Motari anayekalia betri iliyofungwa vizuri hana la kuogopa kwa upande huu. Hatari iko kwa anayefungua gunia la unga kiwandani, na kwa anayekata au kusaga betri mbovu na plastiki zenye mirija hiyo.

Kwa hiyo tunasema: betri mbovu zisivunjwe uani wala gereji, kwani huweza pia kulipuka moto. Mahali pa vumbi pasifagiliwe pakavu. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Na kila mfanyakazi aulize: kitu hiki kina nini ndani? Mkataba namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unaitambua haki ya mfanyakazi kujua kemikali anazozishika na madhara yake.

Hatupingi maendeleo. Tunataka tu swali liulizwe sasa, kabla ya vumbi, si baada ya kikohozi.