Tervuren 1897: walikohoa, watu wakitazama

Mwaka 1897 Wakongomani 267 walipelekwa Tervuren, karibu na Bruxelles, wakawekwa mu vijiji vya maonyesho. Wabelgiji wakaja kuwatazama kama nyama wa pori. Watazamaji waliwatupia vyakula mpaka kikawekwa kibao cha kukataza, kama mu zoo. Baridi ikashika vifua. Saba walikufa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Wamezikwa kando ya kanisa.

Leo mu kariere hakuna anayelipa kututazama. Lakini mwenzetu akikohoa, sisi wenyewe tunacheka: “Ni vumbi tu!” Pengine ni kifua kikuu. Kikohozi kikipita wiki mbili, twende centre de santé, tutoe makohozi. Kipimo iko bure, dawa pia. Kwa kawaida ni miezi sita, bila kuruka siku.